Kadi ya Wifi Zuwena

Jumamosi, 6 Septemba

Soko la Lewisham asubuhi. Bamia zimekomaa, ngumu kama kuni. Nimechukua mchicha. Mvua nyepesi. Goti la kushoto limeanza tena.

Mchana kwa kaka Nassor. Sebule imegeuka duka la vitambaa. Sare ya harusi ya Rahma imefika, zambarau, na wifi Zuwena amekaa chini na mkasi anakata na kugawa. Nani mnene, nani mrefu, nani anataka mikono mipana, yote anayo kichwani. Mwanamke huyu ameolewa na kaka yangu miaka mingi na bado sijampata kosa la maana. Inaniudhi.

Kosa moja lipo, nalo ni kadi. Zuwena ana kadi ya mkopo. Mimi na Nassor tumelelewa kuogopa riba, na Nassor mpaka leo ana kadi moja tu, ile ya kawaida, inayokata pesa papo hapo kwenye akaunti yake na mkewe. Mwezi wa nne, walipokwenda kushika ukumbi wa walima, Zuwena akatoa ile ya mkopo akalipia arubuni. Niliposikia nilimwita mla riba mbele za watu. Hakukasirika. Alisema anaitumia kulipa watu asiowajua, na kila mwezi hulipa deni lote kabla ya tarehe, riba haijazaliwa. Nikamwambia shetani naye huanza na tarehe. Watu wakacheka. Na yeye pia akacheka.

Wiki iliyopita Nassor amemalizia bei yote iliyobaki, kwa kadi yake ya kawaida. Ametangaza kama mtu aliyejenga msikiti.

Mkataba wa ukumbi una jina lake. Lake peke yake. Zuwena alitaka na lake liwemo, Nassor akasema bibi harusi ana baba. Nami nikasema ndiyo, ada ni ada. Mambo yakaishia hapo. Harusi tarehe mosi Novemba.

Jumapili, 14 Septemba

Edgware Road na mkwe, Bi Thuwaiba, mama wa bwana harusi. Amekuja mapema kutoka Maskati kununua vitu. Ndugu zake wengine wameshakata tiketi. Mwanamke mpole, macho makali. Anapima kila kitu na hasemi.

Mgahawani mhudumu akauliza jina la meza. "Nassor," akasema kaka yangu, kifua mbele. Hutoa jina lake kila pahala: teksi, gesi, kuku wa kuchoma. Bili ikija huangalia dirishani. Zuwena akalipa. Hakuna aliyeona ila mimi, na nadhani Bi Thuwaiba.

Chai ilikuwa nzuri. Hiliki nyingi.

Ijumaa, 19 Septemba

Zuwena amewapigia watu wa ukumbi tangu Jumatano kuhusu chakula. Simu imezimwa. Meseji hazifiki. Nassor anasema wafanyabiashara wana shughuli nyingi. Zuwena amekunja uso kidogo tu, kama mtu anayesikia harufu ya wali unaoungua jikoni kwa jirani.

Sipendi uso ule.

Jumamosi, 20 Septemba

Sijui nianzie wapi. Tumekwenda wenyewe ukumbini. Geti lina mnyororo na kufuli. Madirishani hakuna hata pazia. Nje wamesimama watu, familia baada ya familia, na kila moja imelipia ukumbi ule ule. Mbili kati yao tarehe yetu hiyo hiyo. Ukumbi mmoja, usiku mmoja, harusi tatu. Na mwenyewe hayupo.

Mama mmoja wa Kinigeria alikuwa amekaa ukingoni mwa njia analia kwa sauti. Pembeni yake Mhindi wa Kingsbury, Bi Kokila, mzaliwa wa Tanga, Kiswahili chake kisafi kuliko cha watoto wetu wote. Harusi ya mjukuu wake. Amelipa taslimu.

"Aliniambia nikileta keshi atanipunguzia," akasema. "Nikaona nimepata. Mimi mtoto wa duka, bibi wee, mimi ndiye nimeshindwa kununua!"

Zuwena akamshika mkono, akachukua namba yake. Halafu akapiga picha geti, mnyororo, tangazo la baraza la mji lililobandikwa mlangoni. Sote tumeduwaa, yeye anapiga picha. Akaita polisi, akapewa namba ya ripoti, akawasomea wengine wote.

Akiba yote ya harusi ya Nassor na mkewe ilikuwa mle. Hawana nyingine. Rahma kajifungia chumbani. Nimemgongea, akajibu, "I'm fine, shangazi," kwa sauti ya mtu ambaye si fine hata kidogo.

Bi Thuwaiba hajaambiwa.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimeomba ruhusa kliniki. Meno ya watu yatasubiri. Nilitaka niwepo.

Nassor alipiga simu benki yake kwanza. Alikaa na ule muziki wao mpaka nikaukariri. Mwishowe msichana akamwambia watajaribu kuirudisha pesa kwa utaratibu wa makampuni ya kadi. Watajaribu. Upande wa pili ukikataa au usipopatikana, hawaahidi, maana huo ni utaratibu wao tu, hakuna sheria inayowabana walipe. Nassor akashukuru kwa Kiingereza kizuri, akakata simu, akakaa chini. Nilimwona mzee kwa mara ya kwanza. Nilitaka kulia.

Kisha Zuwena akapiga kwa wenye kadi yake ya mkopo. Sauti ile ile anayotumia ofisini kwake skuli, wazazi wakija juu. Hakusema "tafadhali nisaidieni". Alisema kuna sheria. Akaitaja kwa namba, Section seventy-five. Akasema kitu alicholipia hakikutolewa, na kwa hiyo wao benki wanalo jukumu sawasawa na yule aliyeuza.

Nikamfuata jikoni baadaye. Nilitaka kuelewa. Akanieleza huku anamenya vitunguu thomu.

"Nikilipa kwa ile ya kawaida, wifi, iliyoibiwa ni pesa yangu. Nikilipa kwa hii, kwanza ni pesa yao. Mtu hukimbilia chake."

Halafu akaniambia lile lililonikalisha kitini. Sheria hiyo haiangalii umelipa kiasi gani kwa kadi. Maadamu bei ya kitu si ndogo mno wala kubwa mno, ukilipa hata kipande kwa kadi ya mkopo, benki inabeba jukumu la bei yote. Bei yote! Arubuni yake ile niliyomtukania inafunika na zile alizolipa Nassor kwa kadi ya kawaida.

Aliyajua haya mwezi wa nne. Ndiyo maana alilipa vile. Na mimi nikamwita mla riba, naye akacheka.

Nimekumbuka kitu. Majira ya baridi ya mwaka juzi wezi waliziiga kadi zetu, yangu na ya Zuwena, nadhani kwenye mashine moja ya mafuta. Yangu ya kawaida. Akaunti ikawa tupu, kodi ya nyumba ikagonga mwamba. Benki walinirudishia, siwasingizii, lakini mpaka walipomaliza uchunguzi wao mimi nilikuwa naomba nauli. Yeye alipiga simu moja, wakafuta yale malipo kwenye hesabu yake, akaendelea kupika. Pesa yake haikuguswa maana haikuwa yake. Nauli nilimwomba nani? Yeye.

Tahadhari kabla ya hatari. Tunaisema kila siku. Yeye ameifanya.

Lakini sitamwambia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Jumapili, 28 Septemba

Zuwena amepata pahala. Ukumbi wa skuli yake, ule wa mazoezi, una jiko kubwa. Mkuu wa skuli amekubali kutushikia tarehe mosi, lakini lazima kodi ya ukumbi na bima vilipwe kabla ya Ijumaa tarehe 17 Oktoba. Baada ya hapo wanampa mwingine. Na bado kuna mchele, nyama, viti, mapambo. Hakuna pesa. Kila kitu kinangoja benki.

Nimetoa nilichonacho. Kidogo mno. Wanawake wa sare wamesema watapika wenyewe. Bado haitoshi.

Bi Thuwaiba ameambiwa. Zuwena alimwambia mwenyewe, uso kwa uso, bila kupaka rangi. Nilidhani mkwe atageuka. Aliuliza tu kama skuli ina pahala pa kuswalia. Basi.

Nassor anataka kuahirisha. Anasema bora kuchelewa kuliko kulisha watu wa Maskati kwenye ukumbi wa mazoezi, chini ya nyavu za mpira. Zuwena akamwambia tiketi za watu haziahirishwi, na nyavu zinakunjwa.

Jumatano, 8 Oktoba

Benki imekataa.

Jina. Mkataba una jina la Nassor, kadi ina jina la Zuwena. Wanasema sheria inamlinda mwenye kadi aliyeingia mapatano yeye mwenyewe. Aliyemlipia mtu mwingine halindwi. Kwao Zuwena ni mtu aliyemsaidia bwana mmoja kulipa arubuni. Kama kuna maelezo zaidi, wapelekewe, watatazama upya.

Mke na mume! Nyumba moja, sufuria moja, akaunti moja. Lakini karatasi haijui sufuria.

Nilingoja amgeukie. Ningekuwa mimi ningemgeukia, wallahi, ningelisema mpaka Rotherhithe wakasikia. "Si nilikwambia?" Maneno mawili tu. Alikuwa na haki nayo. Hakuyasema. Aliikunja miwani yake, akauliza nani anataka chai.

Nassor alitoka kwenda kazini mapema kuliko zamu yake. Basi analoendesha leo sijui liliendaje.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimekwenda kwa Zuwena baada ya kazi. Nikampa shauri langu: awaambie benki kuwa wale wa ukumbi walikosea kuandika, kwamba jina lililotajwa lilikuwa lake. Nani atajua? Wenyewe wametoroka.

Alinitazama kama mtoto aliyetia mkono kwenye sukari.

"Wao ndio matapeli, wifi. Mimi siyo. Na nikiongopa hapa, ile kweli yangu yote itaoza."

Kweli yenyewe anayo. Yeye ndiye aliyeutafuta ukumbi. Yeye alikwenda kuuona mara tatu. Yeye alipatana bei, akachagua chakula, akapangiwa saa. Meseji zote za watu wa ukumbi zimeandikwa kwake, "Dear Zuwena". Ameshazituma benki leo. Lakini benki watataka kusikia na kwa mwenye jina. Aseme mwenyewe kwamba mapatano yalikuwa ya mkewe.

Nikamwuliza, sasa mbona humwambii? Akaacha kukunja nguo.

"Siwezi kumwomba mume wangu awaambie watu kwamba katika harusi ya mwanawe hakufanya kitu."

Ndivyo alivyosema. Pesa inakwenda, ukumbi unakwenda, na yeye anachunga heshima ya yule yule aliyemfuta jina. Nilikasirika. Nilimwonea fahari pia. Vyote viwili, na sikujua nianze na kipi.

Basi nikangoja Nassor arudi. Mimi si mkewe. Mimi ni dada yake, nimemzidi umri, nimemvisha viatu. Nikamwita uani penye mapipa ya taka, nikamwambia yote. Nikamwambia jina lake ndilo linalomfungia binti yake mlango. Nikamwambia lile alilosema Zuwena, neno kwa neno. Na nikamwambia mimi ndiye niliyesema ada ni ada, kwa hiyo aibu tugawane.

Alitazama yale mapipa. Nikaondoka. Treni ya Lewisham ilichelewa, kama kawaida yake.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nassor ameswali Ijumaa, amerudi, amevaa koti. Koti, ndani ya nyumba. Akamwambia Zuwena, "Wapigie. Weka spika."

Tulikuwepo sote: Zuwena, Rahma, mimi. Zuwena alijibu maswali ya usalama, kisha akasema mumewe yupo. Yule mtu wa benki, mwanamume, sauti ya taratibu, akamwuliza Nassor kama yeye ndiye aliyekodi ukumbi.

Kaka yangu amesema kwa Kiingereza, na mimi naandika kama nilivyosikia moyoni.

"Jina ni langu. Kazi ni yake. Kwetu sisi baba wa bibi harusi huwekwa mbele, basi nikawekwa mbele. Mimi sikuzungumza na watu wale hata siku moja. Mke wangu aliwatafuta, alipatana nao, aliwalipa. Nilipolipa ile iliyobaki ni yeye aliyenipa namba ya kulipia na akaniambia kiasi gani. Ukiniuliza ukumbi ule una milango mingapi, sijui. Muulize yeye."

Mtu wa benki akaandika. Halafu akauliza, ili awe na hakika: je, anakubali kwamba mapatano yale yalikuwa ya mkewe?

Rahma alikuwa ameshika pindo la koti la baba yake.

"Yalikuwa yake tangu mwanzo," akasema. "It was always hers."

Wakasema watatazama upya pamoja na zile meseji. Simu ikakatwa. Hakuna aliyesogea. Zuwena alikuwa anatazama zulia, na shingo yake imekuwa nyekundu, mama mtu mzima. Nassor akavua koti, akalitundika vizuri, akaenda kuosha vyombo. Kaka yangu. Vyombo. Alivunja sahani moja.

Nimesikia watu wengi wakijitapa maishani mwangu. Mara chache sana nimesikia mtu mzima akijipunguza kwa hiari yake, mbele ya mwanawe. Nampenda kaka yangu. Leo nimemheshimu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Hakuna habari.

Jumatano, 15 Oktoba

Hakuna habari. Nimefunga sunna. Nimempigia Zuwena mara nyingi mpaka akacheka, "Wifi, hata benki hawanipigii hivi."

Bi Kokila amempigia pia. Kesi yake haina pa kushika. Taslimu haina sheria, haina kadi, haina mtu wa kumdai ila yule aliyetoroka. Polisi wana jina lake pamoja na wengine. Zuwena amemwandikia maelezo yote ya ripoti, amekaa naye kwenye simu saa nzima, na sasa anamtafutia skuli nyingine yenye ukumbi, huko huko Kingsbury. Yetu bado haijulikani, yeye anahangaikia ya mwenziwe.

Ijumaa, 17 Oktoba

Siku ya mwisho ya ukumbi wa skuli.

Niko mapokezi, mgonjwa ameshika shavu, simu inatetemeka mfukoni. Sikupokea. Ikatetemeka tena. Nikamwambia yule bwana samahani, nikaenda chooni.

Wamekubali. Bei yote, arubuni pamoja na zile za Nassor. Wamempigia Zuwena asubuhi, na mchana pesa imeingia. Saa nane ukumbi wa skuli umelipwa.

Nimelia chooni mwa kliniki, peke yangu, juu ya mfuniko. Kisha nikanawa uso, nikarudi kwa mwenye shavu.

Usiku nimepita kwao. Zuwena yuko kwenye simu na benki ya Nassor. Ile iliyokuwa bado "inajaribu". Anawaambia waache, pesa imeshalipwa upande wa pili, hawezi kulipwa mara mbili. Hakuna aliyemuuliza. Angenyamaza, labda zingekuja mara ya pili, labda zisingekuja. Nilimwambia angalau angewaacha wahangaike kidogo. Akasema hapana, kesho na keshokutwa ataihitaji tena sheria hii, na anataka kuikuta safi.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi nilikuwa naona vyaelea tu, miaka yote hii.

Ijumaa, 31 Oktoba

Mikono inanuka kitunguu mpaka kwenye viwiko. Wanawake wa sare wote jikoni mwa skuli, vyungu vikubwa kama pipa. Nyavu za mpira zimekunjwa, Nassor mwenyewe alipanda ngazi. Zuwena anatugawia kazi bila kupandisha sauti. Bi Thuwaiba amevua saa yake ya dhahabu akaingia kukatakata nyama. Hakuombwa.

Nilale. Kesho.

Jumapili, 2 Novemba

Imepita. Alhamdulillahi.

Nikah asubuhi, walima jioni. Rahma aling'ara. Wageni wa Maskati walikula pilau la mikono yetu na kuomba tena. Hakuna aliyetaja ukumbi wa mazoezi, ila mjomba mmoja aliyesema ana hamu ya kuruka kamba.

Bi Kokila alikuja na sinia la ladu, la shaba, kubwa. Mjukuu wake ataolewa mwezi ujao kwenye skuli aliyopatiwa na Zuwena. Alisimama mlangoni akamshika Zuwena mashavu kwa mikono miwili, akamwambia, "Mwanangu, ungezaliwa kwetu ungekuwa na maduka saba."

Zuwena hakuvua viatu vyake mpaka mgeni wa mwisho alipotoka. Nilimkuta amekaa kwenye benchi la mazoezi, anasugua vidole vya miguu. Nikakaa karibu yake. Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Nilisema tu kwamba sitamwita tena lile jina. Kadi ile mimi bado sitaichukua, moyo wangu haujakubali, na yeye anajua. Akasema anajua.

Halafu akaniegemea bega. Mzito kuliko anavyoonekana. Tulikaa hivyo mpaka mlinzi akaja kuzima taa.

Jumapili, 9 Novemba

Baridi. Kliniki kesho, nguo zimepigwa pasi.

Tumempeleka Bi Thuwaiba kunywa chai ya kuagana, mgahawa ule ule wa Edgware Road. Anaondoka leo usiku. Watu wengi, hakuna meza, mhudumu akashika kalamu akauliza jina ili atuite.

Nassor alikuwa mbele. Nikangoja kile kifua.

"Zuwena," akasema.

Mhudumu akaandika. Wifi alikuwa ameinamia mkoba wake anatafuta miwani, sijui kama alisikia. Tukasimama pembeni karibu na kioo cha keki. Baada ya muda jina likaitwa, na wifi akanyanyua mkono.